Maji ya saa kumi: kutazama ndege kwa darubini mjini Tanga

Ukiuliza Tanga ndege wanatazamwa wapi, utajibiwa upesi: panda Amani. Jibu lenyewe si baya, maana misitu ya Usambara Mashariki ina ndege wanaofuatwa na watu kutoka pande zote za dunia. Kasoro yake ni kwamba linamfanya mtu wa Chumbageni au Raskazone aifungie darubini kabatini mpaka apate likizo na nauli, na huku kila siku anapita chini ya mikungu na miembe yenye ndege tele bila kuinua shingo. Mji huu una bustani, una miti mikubwa iliyopandwa zamani, una mikoko na una tope la ghuba, vyote ndani ya mwendo wa miguu au bodaboda moja.

Kinachowaangusha wengi ni saa. Kila anayefundisha kutazama ndege husisitiza alfajiri, na kwa bustanini hana kosa: kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi ndege wanakula, wanaimba, na jua halijawarudisha majanini. Lakini Tanga sehemu kubwa ya ndege wako ni wa ufukweni, na wale hawana habari na jua. Wanafuata maji.

Hesabu yake wavuvi wanaijua tangu utotoni. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ikipita wiki moja, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa saa 4 na kupwa saa 10, tena kwa uvivu, hayapandi sana wala hayatoki sana. Huhitaji jedwali la bandari; tazama mwezi, hesabu siku, zidisha kwa 50.

Sasa weka ndege ndani ya hesabu hiyo. Maji yakiwa yametoka kabisa, tope liko wazi mamia ya mita na ndege wametawanyika mpaka mwisho wake. Darubini yoyote ya mkononi itakuonyesha vidoti vinavyotembea. Yakianza kupanda, kila dakika inawapunguzia uwanja na kuwasogeza kwako. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo saa za kazi. Kwa siku ya bamvua maana yake ukae ufukweni kuanzia saa 8 mchana, na kofia. Yakishajaa, ndege huenda kupumzika mikokoni au kwenye ncha za mchanga, na huna la kuwafanya. Yakianza kutoka, kipande cha kwanza cha tope kinachofunguka huwa karibu na nchi kavu, na ndege wenye njaa hukigombania. Nusu saa hiyo nayo ni nzuri, kama mwanga bado upo. Maji mafu waachie wenye ngalawa, wewe kaa bustanini.

Darubini inayofaa hapa ni ya 8x42, au 8x32 kwa asiyetaka uzito shingoni. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, na hizo ndizo milimita za duara la mwanga linaloingia jichoni. Zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinatoa 2.5 tu. Saa 6 mchana huoni tofauti, kwa sababu mboni ya jicho nayo imejibana. Saa 12 na nusu asubuhi chini ya mwembe mboni imefunguka, na ile ndogo inakupa kivuli chenye mdomo. Ya 10x42 inavuta ndege karibu zaidi, lakini inakuza na mtetemeko wa mkono pia, na inakata upana wa eneo unaloliona. Kwa chozi, yule ndege mdogo wa maua, asiyekaa ua moja zaidi ya sekunde mbili, upana ndio mali. Kwenye tope 10 ina haki yake. Anayenunua moja tu achukue 8.

Nyingi zinazouzwa mtaani na kwenye mitumba zimeandikwa namba za ajabu, 30x60 au hata 100, na vioo vya mbele vyekundu kama taa ya breki. Namba hizo ni za kuvutia mnunuzi, na wekundu huo unakula rangi: mnana wa njano anatoka kijani. Zile za kuzungusha ukuzaji, mara 8 mara 24, zikwepe vilevile. Kabla ya kulipa, zipime hapohapo dukani. Zishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, zielekee anga jeupe mbali na jua, utazame yale matone mawili ya mwanga kwenye vioo vya jicho: yawe duara kamili. Yakiwa na pembe za kijivu kama mraba uliokatwa, miche ya kioo iliyo ndani ni ya bei rahisi. Tikisa sikioni, kikilia kitu, mche umelegea. Zigeuze, chungulia kwa upande wa mbele dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Angalia viatu vyako ukiwa umesimama wima, uone kama zinaweza kulenga karibu kiasi hicho, maana chozi huja mita tatu na darubini nyingi za rahisi huanzia sita.

Kipimo kikubwa ni waya wa umeme. Utazame kwa macho yote mawili, polepole ukiisogeza darubini mbali na uso. Waya ubaki mmoja. Ukigawanyika kuwa miwili, moja juu ya mwingine, bomba mbili za darubini hazitazami mahali pamoja. Hili ndilo linalodanganya watu, kwa sababu ukizibana machoni ubongo unalazimisha picha ziungane na unaona kila kitu kiko sawa. Baada ya robo saa kichwa kinauma na unadhani ni jua. Darubini ya aina hiyo iache dukani, hata ikipunguzwa bei mara tatu.

Ukishaipata, irekebishe kwa macho yako, kazi ya dakika mbili ambayo wengi hawaifanyi kabisa. Kunja au kunjua bawaba ya katikati mpaka duara mbili ziwe moja. Asiyevaa miwani avute juu vikombe vya macho, mwenye miwani avirudishe chini, vinginevyo ataona kama anachungulia tundu la kitasa. Chagua kibao chenye maandishi kiasi cha mita 30. Ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, usifumbe jicho, kisha zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Hamisha kiganja kushoto. Sasa usiguse la katikati. Zungusha pete ya jicho la kulia peke yake mpaka maandishi yanyooke. Weka alama ya kalamu hapo kwenye pete. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati tu, na mtu akiiazima akairudisha imevurugika, unairudisha kwenye alama yako.

Kumpata ndege ndani ya kioo kuna kosa moja: kutazama chini kuitafuta darubini. Macho yabaki kwa ndege, mikono ndiyo ilete darubini machoni. Kabla ya kuinua, soma alama karibu naye: tawi lililovunjika, ua jekundu, kona ya bati. Ukimkosa, unaanza kwenye alama hiyo, huanzi kuzunguka mti mzima.

Kwa kujifunzia, Bustani ya Jamhuri inatosha mwezi mzima. Iko juu ya ghuba, upande wa kusini wa maji, ukitazama kaskazini kwenye Kisiwa cha Toten, kwa hiyo asubuhi na jioni jua linakuwa ubavuni. Usitembeetembee. Kaa chini ya mti mmoja dakika 20. Tano za kwanza hutaona kitu kwa sababu umewatisha wote, halafu wanasahau kwamba upo.

Anza na mnana, maana hakimbii na ana mengi. Ukiona minazi yenye viota vinavyoning'inia na makelele, usiishie kusema "mnana wa njano". Tazama jicho. Dume mwenye jicho jekundu na njano iliyokolea kiasi usoni ni Ploceus subaureus. Dume mwenye kichwa cha rangi ya chungwa bivu na jicho jeusi ni Ploceus bojeri, wa pwani hii yetu ya mashariki. Na mwenye kichwa cheusi chote na jicho jekundu ni Ploceus cucullatus, aliyeenea Afrika kusini mwa Sahara. Majike ya wote watatu yanafanana kiasi cha kuchosha. Mwanafunzi ayaache kwanza.

Kisha chagua kiota kimoja kinachoanza na usihame. Dume huja na ukanda mrefu wa jani aliouchana ukutini: anaukata pembeni kwa mdomo, anaushika, anaruka nao, na uzito wa mwili ndio unaomaliza kuuchana. Kwanza anafunga pete, duara la kusimama ndani yake. Pete ikishikana, hasogei tena kutoka hapo. Anasimama ndani akielekea upande mmoja na kusuka chumba cha mayai mpaka mdomo wake unapofika, kwa hiyo ukubwa wa chumba ni urefu wa mwili wake mwenyewe. Mwishoni ndipo unakuja mlango, chini. Akimaliza ananing'inia hapo kichwa chini, anapiga mabawa, anapiga kelele. Jike huingia kukagua, huvutavuta nyuzi kwa ndani, na mara nyingi huondoka. Kwa yule wa kichwa cheusi, kiota kilichokataliwa mpaka majani yakanyauka hubomolewa na fundi mwenyewe, akaanza kingine hapohapo. Majani mabichi ya kijani maana yake kiota kipya kinachotafuta mchumba. Ya kahawia kwenye kiota ambacho bado kina pilika maana yake ndani kuna mayai au makinda.

Chozi wanahitaji somo moja tu, nalo ni la mwanga. Yale mang'aro ya kijani na zambarau si rangi ya kupakwa kwenye unyoya. Ni mwanga unaorudishwa na umbo la unyoya wenyewe. Jua likiwa mbele yako, kila chozi dume ni mweusi, na madaftari ya wanaoanza yamejaa "chozi mweusi" ambaye hayupo duniani. Zunguka mti mpaka jua likupige mgongoni. Hapo yule mdogo mwenye tumbo la njano na kifua cha kijani ni Hedydipna collaris. Mwenye mgongo wa kijani, ukanda wa rangi ya damu ya mzee kifuani na tumbo jeusi ni Cinnyris bifasciatus. Na yule mkubwa mweusi mwenye kifua chekundu kama kaa la moto ni Chalcomitra senegalensis, ambaye hata bila jua humkosei. Kwa yeyote mwenye uwanja, ua lolote la mapambo haliuzidi mpapai na mgomba unaotoa mkungu: chozi huufuata ule ua wa ndizi kutwa.

Shorewanda utamsikia kabla ya kumwona. Kichwa cheusi kama amevaa kofia, mwili wa kijivu, na chini ya mkia doa la njano. Yeye ndiye mlinzi wa mtaa. Wakikusanyika shorewanda, mlamba na chozi, wote wakipigia kelele shina au tundu moja, elekeza darubini hapo bila kuchelewa: kuna nyoka, au kuna bundi amelala. Bundi watu wengi hawataki hata kutajiwa, kwa hiyo ukimpata karibu na nyumba za watu mtazame kimyakimya na usitangaze mti wake, usije ukawa umemponza.

Dudumizi, wengine humwita tipitipi, husemwa kwamba anaita mvua. Mlio wake ni du-du-du unaoshuka, kama maji yanayomwagika kutoka mtungi wenye shingo nyembamba. Kutwa huwa kichakani na kumtafuta ni kupoteza muda. Mngoje asubuhi ya baada ya mvua: anapanda juu ya ua la michongoma, anatandaza mabawa ya rangi ya kutu na kujianika kama nguo, robo saa nzima.

Juu angani watu huita kila kitu mbayuwayu. Kipimo ni waya: anayetua kwenye waya ni mbayuwayu kweli, teleka, anayefanana naye, hatui wayani kamwe, miguu yake ni ya kung'ang'ania tu. Mwembamba mwenye mkia mrefu wa panda anayezunguka minazi na mivumo ni teleka wa minazi, ambaye hugandisha kiota na hata mayai kwa mate kwenye ukuti uliokauka. Ukitaka kumpoteza mtaani kwako, kata makuti yote makavu kwa ajili ya usafi. Mnene kidogo, mwenye doa jeupe kiunoni, anayeingia chini ya mapaa ya majengo makubwa ni teleka mwingine, Apus affinis.

Sasa kunguru, ambaye hakwepeki. Yule mwenye shingo ya kijivu, Corvus splendens, si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, na kutoka huko akajaza pwani yote. Kunguru wa asili ni mkubwa zaidi, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe, Corvus albus, na siku hizi mjini unaweza kukaa asubuhi nzima usimpate. Huyu mgeni anakula mayai na makinda ya kila mwenye kiota. Kwa mtazamaji hilo lina maana ya vitendo: hana hofu na watu, anakaa karibu nawe, na ukimfukuza mzazi kiotani kwa kusogea sana, yeye ndiye anayefaidika. Kiota kitazamwe kwa mbali, mita 15 na zaidi, na kwa muda mfupi. Faida yake ni moja, kwamba kunguru wote wa mtaa wakipaa ghafla wakifuata kitu, juu yao kuna kipanga au tai. Inua kichwa.

Tukirudi kwenye maji. Kwa tope nenda Raskazone, au kwenye mikoko ya Sahare, au kusini Mwambani. Jua la mchana likipiga tope kuna joto linalochezesha hewa, na kila ndege anaonekana kama yumo ndani ya maji yanayochemka. Si darubini iliyoharibika, na kununua yenye ukuzaji mkubwa kutaongeza huo mchezo. Dawa ni kungoja maji yawasogeze.

Usianze na rangi, maana kuanzia Septemba hadi Machi karibu wote ni kijivu juu na nyeupe chini. Anza na namna wanavyokula. Kitwitwi halisi hutafuta kwa macho: anakimbia hatua chache, anasimama wima, anadona mara moja, anakimbia tena. Ana mdomo mfupi na jicho kubwa. Jamii ya sululu na wenzake wa midomo mirefu hutafuta kwa kugusa: wanatembea kichwa chini wakichoma tope mfululizo, kama mpishi anayechoma kiazi kwa kisu kujua kama kimeiva. Tabia hiyo peke yake inakugawia tope zima mafungu mawili hata ukiwa mbali.

Baada ya hapo kuna alama chache zisizodanganya. Kitwitwi mkubwa wa kijivu akiruka akaonyesha kwapa jeusi, ni Pluvialis squatarola, hakuna mwingine. Mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa, anayekimbia huku na huko kama aliyepoteza pesa, ni Xenus cinereus. Anayetikisa kiuno bila kukoma kwenye mawe, na weupe wa tumbo unapanda mbele ya bega, ni Actitis hypoleucos. Mdomo uliopinda chini, na mistari kichwani, ni sululu, Numenius phaeopus. Akiwa mkubwa zaidi, mdomo umepita kiasi na kichwa hakina mistari, ni ndugu yake Numenius arquata. Mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa kuvunjia njugu ni Dromas ardeola, mla kaa, ndege wa Bahari ya Hindi hasa; hutembea kwa makundi na akilia utadhani watoto wanabishana. Wale vitwitwi wawili wa mchanga, mdogo na mkubwa, huwachanganya hata wazoefu. Andika "vitwitwi wa mchanga" na uendelee na safari.

Yangeyange wa ufukweni nao wana mtego. Utamwona mweupe na mweusi wa kijivu wakivua pamoja. Ni aina moja, Egretta dimorpha, kwa rangi mbili.

Mikokoni tafuta mdiria. Mwenye kichwa cha kijivu, mabawa ya buluu na mdomo mwekundu mzima kuanzia shina hadi ncha ni mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides. Wa bustanini, Halcyon albiventris, kichwa chake ni cha kahawia chenye michirizi na ncha ya mdomo imeingia weusi. Wote wawili hukaa kimya kwenye tawi la chini kwa muda mrefu, kwa hiyo ukipita mkoko, chunguza matawi yaliyo chini ya kimo chako. Watu wengi hutazama juu.

Darubini mjini ina adabu zake. Isielekee bandarini, kwenye meli, kambi, madirisha ya wodi za hospitali ya Bombo, wala kwa watu wanaooga baharini. Anayesimama na darubini na daftari kwenye mtaa wa watu hudhaniwa mpima viwanja, na huo ni mwanzo wa maneno. Salimia kabla hujaulizwa. "Shikamoo mzee, tunatazama ndege hapa kwenye mkungu wenu," kisha umvushie darubini mwenyewe atazame. Mzee akishamwona mdiria kwa karibu atakuambia yule ndege analala wapi, anakuja mwezi gani, na mtoto gani wa jirani anawapiga kwa manati. Mlinzi wa geti yeye anataka kujua umetumwa na nani. Jibu fupi na la kweli linatosha, na akikataa, ondoka bila ubishi, kesho utapita tena.

Daftari liwe na safu sita: tarehe, saa, mahali, hali ya maji, upepo, idadi. Ya maji ndiyo husahaulika na ndiyo yenye thamani, kwa sababu "hakuna ndege leo" bila kuandika kama maji yalikuwa juu au chini ni sentensi isiyo na faida. Kundi kubwa usilihesabu mmojammoja. Hesabu kumi, ukariri nafasi wanayochukua, kisha lipime kundi zima kwa kumi hizo. Na ukiandika jina la Kiswahili weka na la Kilatini pembeni, maana majina yetu hayatulii: tetere wa hapa huitwa hua kwingine, na kitwitwi ni jina la ndege kumi. Orodha ukiiingiza eBird, tovuti ya kutunzia kumbukumbu za ndege, ambayo ni bure, ingiza na idadi.

Chumvi na unyevu wa Tanga ndio adui wa darubini, kuliko kuanguka. Ukitoka ufukweni usifute kioo kwa ncha ya kanga. Chembe ya mchanga uliyoikokota ndiyo msasa. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, pitisha brashi laini, kisha pumulia kioo na ufute kwa kitambaa cha miwani kwa kuzungusha kutoka katikati. Mwili wake, kama ni wa kuzuia maji, upitishe kitambaa cha maji baridi kuondoa chumvi, hasa kwenye gurudumu, kwani chumvi ikikauka humo huanza kukwaruza. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi robo saa kabla ya kuitumia, la sivyo vioo vitajaa ukungu na utavifuta bure. Ukungu ukiwa ndani ya vioo, maji yameshaingia, na fangasi iko njiani.

Mkoba wa ngozi uliokuja na darubini utumie safarini tu. Kuihifadhi humo kabatini ni kuilea fangasi. Iweke kwenye boksi la plastiki linalobana, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vingi, si kimoja. Zamani watu waliweka balbu ndogo inayowaka ndani ya kabati ikapasha hewa. Balbu za siku hizi hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo ujanja huo umekufa.

Miezi yenyewe: wageni wa ufukweni huanza kuonekana Agosti mwishoni, hujaa kipindi cha vuli na kaskazi, na Aprili ndio huondoka. Wiki mbili za mwisho kabla hawajaondoka usizikose, kwa sababu wale wa kijivu wote wanavaa nguo za safari: Pluvialis squatarola anakuwa mweusi kifuani mpaka tumboni, na Calidris ferruginea aliyekuwa hana sura anageuka mwekundu wa tofali. Halafu masika inashika, bustani inapata zamu yake, mnana wanasuka kila mnazi. Ukienda kwenye tope Juni au Julai, kusi likivuma, utakuta wachache wamebaki, kijivu vilevile. Si wagonjwa. Wengi ni wa mwaka wao wa kwanza, ambao bado hawana sababu ya kurudi kaskazini. Waandike kwa idadi.